Mwenye Kuanguka kwa Ajili ya Mwenzake

Kila mwenye kujifunza judo hutamani siku moja kufunga mkanda mweusi. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini yafaa kuuliza: katika kujitayarisha kwa mtihani, msaada wa rafiki huishia wapi, na uongo huanzia wapi?

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Kano Jigoro. Mwaka 1883 aliwapa wanafunzi wake wawili daraja ya shodani, ndiyo daraja ya kwanza ya mkanda mweusi. Katika nchi nyingi mwenye kuomba daraja hiyo hutakiwa kuonyesha sehemu ya kata, yaani mfululizo wa mbinu za kuangusha uliopangwa tangu zamani. Mbinu ni 9, kila moja kuumeni na kushotoni. Hakuna awezaye kuionyesha peke yake. Ni lazima mwenzake amshambulie, apigwe mwereka, ainuke, aanguke tena: mara 18 siku ya mtihani, na mara zisizohesabika siku za mazoezi. Hata hivyo mkanda atapewa mmoja tu.

Basi, mwenzi huyo ajua mapema kila mbinu itakayokuja, na hapo ndipo jaribu lilipo. Akimwonea rafiki yake huruma, aweza kujirusha mwenyewe, watazamaji wakadhani ameangushwa. Jambo hilo laonekana kuwa upendo, kumbe sivyo. Amewadanganya waamuzi, tena amemdhulumu rafiki yake, ambaye hatautambua upungufu wake mpaka siku atakapokutana na mtu asiyemhurumia.

Je, akaze mwili na kukataa kuanguka? Hilo nalo ni kosa, maana kata si mashindano. Mwenzi mwema hakatai kuanguka, wala haanguki kabla ya kuangushwa. Hushambulia kwa kweli, hungoja mpaka ayumbishwe kwa kweli, ndipo huanguka. Katika mazoezi, mbinu ikiwa dhaifu, yeye husimama palepale, na mwenzake hufahamu la kurekebisha.

Kano alifundisha ya kwamba mtu na mwenzake wapaswa kufanikiwa pamoja. Kwa hiyo apataye mkanda kwa msaada wa namna hiyo ana deni. Deni hilo halilipwi kwa shukrani ya mdomo tu: hulipwa siku ile naye aitwapo kuanguka kwa ajili ya mwingine, na kuanguka kwa haki.