Je, Shahada Humfanya Mtu Kuwa Mwalimu wa Hesabu?



Zamani za misafara, watu walipotoka pwani kwenda Ujiji kwa njia ya Tabora, mkuu wa msafara alikuwa na kazi moja isiyoimbwa na mtu, nayo ni hesabu ya posho. Desturi ilikuwa kumpa kila mpagazi kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Basi wapagazi 120 walitaka vibaba 120, ndizo pishi 30. Na kama mbele yao palikuwa na pori la siku tano, zilihitajiwa pishi 150. Mwenye kukosa hesabu hiyo hakuandikiwa alama mbaya daftarini. Kosa lake lilionekana siku ya nne, katika matumbo ya watu wengine.

Siku hizi misafara haipo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nasi wa Kaliua twakaa penye panda, mahali ambapo tawi la Mpanda latengana na njia kubwa. Walakini hesabu haikuondoka pamoja na wapagazi. Mkulima wa tumbaku asimama mbele ya mizani, asomewa kilo, daraja na bei, kisha akatwa deni la mbolea. Asiyeweza kuzidisha na kutoa hana budi kuamini tu. Na huyo mkulima alikuwa mtoto wa darasa la tatu, akamwangalia mwalimu wake ubaoni. Je, mwalimu yule alikuwa anajua kitu alichokifundisha?

Hapa ndipo lizukapo swali letu. Wako wasemao kwamba afundishaye hesabu hata katika madarasa ya chini yampasa awe na shahada ya chuo kikuu. Wako wengine wajibuo, “Kujumlisha na kutoa, hata mchuuzi wa sokoni ajua; shahada ya nini?” Swali hili si la ofisi za elimu peke yake. Ni swali la haki, kwa sababu mtoto hamchagui mwalimu wake, wala hawezi kutambua kwamba afundishwa vibaya. Akishindwa, husema, “Mimi ni mjinga,” naye husadiki neno hilo maisha yake yote.

Nchi yetu imelijaribu jambo hili kwa njia nyingi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba watoto wote wa umri wa shule wapate elimu ya msingi ifikapo 1977. Walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa, wakafundishwa ualimu vijijini mwao huku wakisomesha, kwa msaada wa redio na masomo ya posta. Watu waliwacheza shere, wakazigeuza herufi za UPE kuwa “Ualimu Pasipo Elimu.” Sisi hatuwacheki. Wengi wetu tulishikwa mkono na hao, tukaandika tarakimu ya kwanza. Wakati wa njaa, nusu kibaba ni chakula. Lakini haja ya mwaka mmoja ikigeuka kuwa desturi ya miaka mingi, haiitwi haja tena, yaitwa dhuluma.

Baadaye ilitakiwa elimu ya kidato cha nne pamoja na miaka miwili ya chuo cha ualimu. Tena palikuwa na stashahada maalum ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Mei 2016 wanafunzi hao, zaidi ya 7,000, walirudishwa makwao baada ya wakufunzi kuacha kuwafundisha vipindi vyao. Ndipo yakatokea mabishano makubwa kama walistahili kuwapo chuo kikuu. Twaona, basi, jinsi tunavyoyumba. Leo tunafungua mlango kwa kuwa walimu ni haba, kesho tunaufunga kwa kuwa elimu ni haba. Na matunda yake? Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, kati ya kila watahiniwa wanne wa Hisabati, takriban mmoja tu alifaulu. Maanguko hayo hayaanzi kidato cha nne. Mzigo uliofungwa ovyo alfajiri humwumiza mpagazi jioni.

Tuwaite sasa mashahidi wa mbali. Mwaka 1999 mwanamke mmoja mwenye elimu, Liping Ma, alitoa kitabu cha kulinganisha walimu 23 wa Marekani na walimu 72 wa China. Wale wa Marekani walikuwa na shahada. Wengi wa China walisoma miaka kumi na moja au kumi na miwili tu, pamoja na chuo cha ualimu. Aliwauliza wote: moja na robo tatu, ukiigawanya kwa nusu, wapata nini? Wachina wote 72 walipata jibu. Wamarekani waliolipata kwa ukamilifu walikuwa tisa. Tena alipowaomba watunge habari ya kuonyesha maana ya hesabu ile, Wachina wengi sana waliweza, na kwa upande wa pili aliyepatia alikuwa mmoja tu.

Msomaji na ajipime mwenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kupindua sehemu ya pili na kuzidisha, bila kuambiwa kwa nini. Lakini mwalimu ajuaye angerudi kwenye posho ya msafara. Tuna pishi moja na robo tatu za mtama, kila mtu apewa nusu pishi, watapata wangapi? Pishi moja ni vibaba vinne, basi tunavyo vibaba saba; nusu pishi ni vibaba viwili. Saba kwa viwili ni tatu na nusu: watu watatu watapata haki yao kamili, na wa nne atapata nusu ya haki yake. Mtoto aliyeliona jambo hili kwa kibaba hatalisahau, wala hatashangaa kwamba jibu limezidi kile tulichokigawanya.

Je, ushahidi huu wasema kwamba shahada ni bure? La, hasha. Ufini iliamua katika miaka ya 1970 kwamba mwalimu wa madarasa ya chini asome hata shahada ya pili, na shule zake zikasifiwa duniani. Walimu wale wa China nao hawakujua kwa kuzaliwa. Walipewa msingi mzuri utotoni, na baada ya kuajiriwa waliendelea kukaa pamoja na kuyachambua masomo ya watoto. Ushahidi wasema hivi: karatasi ni chombo, na maarifa ni chakula kilichomo. Hatumshibishi mtoto kwa kumwonyesha kibaba kitupu. Majirani zetu wa Urambo walionyeshwa jambo hilo: mpango wa karanga ulioanza 1947 ulipangwa na wenye elimu kubwa, wakaandika ekari zaidi ya milioni tatu, nao ulipoachwa mwaka 1951, zaidi ya paundi milioni 30 zilikuwa zimepotea.

Lakini kuna jambo zito zaidi kwetu tukaao mbali na miji. Tukisema leo, “Asiye na shahada asifundishe,” wenye shahada ni wachache, nao hupenda kukaa penye umeme na hospitali. Mtoto wa mjini atapata mwalimu bora, na mtoto wa pori la Kaliua atapata darasa lisilo na mtu. Na tukisema, “Yeyote atatosha,” twamwambia mtoto huyo kwamba yeye hahitaji kujua sana. Sheria zote mbili zamwangukia yule yule.

Kwa hiyo sisi twaona hivi. Kwanza, kinachodaiwa kwa mwalimu kiwe ni kuijua hesabu ya watoto hata mizizi yake, na shahada yoyote itakayotakiwa iwe na mafundisho hayo ndani yake. Pili, mwalimu aliyeko kijijini asingojee kuitwa chuoni. Elimu imfuate aliko, na walimu wa shule jirani wakutane na kufundishana. Tatu, wenye ujuzi mkubwa wasipelekwe madarasa ya juu tu kana kwamba darasa la kwanza ni adhabu.

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa miji ya Ujerumani, akiwahimiza wafungue shule na kuzitunza. Deni lile ni letu pia. Mzazi na aende shuleni aulize mtoto afundishwaje. Mkatekista afundishaye watoto na ajiulize kama anakijua anachokinena. Na mwalimu asione haya kusema, “Hili silijui bado, nitajifunza.” Mwalimu asemaye hivyo, awe na shahada au asiwe nayo, ameanza kuustahili ubao wake.