Hapana ya Uchovu

Shangazi yangu hakuwa mwongo. Lakini siku ile barazani kwake, Nyasubi, nilimsikia akiikana miguu yake mwenyewe.

Binti wa dodoso alikuja wakati mpunga umeanikwa juani. Aliamkia kwa adabu, akafungua makaratasi. Mgongo unauma? Ndiyo. Basi yakafuata: tangu lini, mara ngapi kwa wiki, ulitibiwa wapi, kwa shilingi ngapi? Kikohozi? Ndiyo, yakafuata mengine. Hapo shangazi akang'amua kwamba kila "ndiyo" ina watoto, na "hapana" ni tasa. Kuku walikuwa wanadonoa mpunga. Homa? Hapana. Kizunguzungu? Hapana. Miguu kufa ganzi? Hapana, mwanangu. Na jana yake usiku ni mimi niliyemkanda miguu hiyo!

Hata muulizaji huchoka. Katika tafiti za demografia na afya, ambazo Tanzania ilianza kuzifanya mwaka 1991/92, maswali marefu ya afya ya mtoto huulizwa kwa waliozaliwa miaka ya karibuni tu. Imegundulika katika nchi kadhaa za Afrika kwamba baadhi ya watoto huongezewa umri kidogo kwenye karatasi, wavuke mpaka huo, kazi ipungue.

Je, msomaji, huo ni uongo? Shangazi alitaka kuokoa chakula chake. Mimi sikuwa na mpunga wa kulinda, nami nilinyamaza, maana niliona tukimaliza mapema ni heri.

Binti alishukuru, akaaga. Shangazi akashika nguzo, akainuka kwa shida, akaenda kufukuza kuku.