Fyuzi Haikati Bure

Wanangu mnaoendesha pikapu, hili nalisema tangu enzi za fyuzi za vijiti vya kioo, na leo zimekuwa plastiki za rangi rangi, na bado nawaona mnafanya yale yale waliyofanya baba zenu. Taa zikizima, cha kwanza ni kuipiga dashibodi kofi. Cha pili ni kuisingizia betri. Cha tatu ni kumpigia simu fundi aliye wilaya ya pili, naye anasema, "Usiguse kitu, nakuja," kisha anatokea kesho yake saa nne. Fyuzi inakumbukwa mwisho kabisa, na ikishakumbukwa, hakuna mtu ndani ya gari anayejua ilipo. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nacheka kidogo, namalizia kahawa yangu, halafu naeleza tena.

Tuanze na mahali. Nitashika mfano wa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoanza kutengenezwa 1984, na pikapu yake ya 79 iliyokuja 1999, kwa sababu ndiyo inayobeba saruji, askari, wagonjwa na mbuzi wa mnadani huku kwetu. Gari hilo, na pikapu nyingi za kazi ngumu, lina boksi la fyuzi zaidi ya moja. La kwanza liko chini ya boneti, karibu na betri, nalo hubeba vitu vyenye njaa kubwa ya umeme: taa kubwa, honi, chaji ya betri. La pili liko ndani, chini ya dashibodi, pale panapogusana na magoti au miguu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa methali haihitaji tafsiri: utapiga goti chini, utaingiza kichwa kwenye giza, utavuta kifuniko, na shati litachafuka. Rilei, vijisanduku vyeusi nitakavyovieleza mbele, nyingine zimekaa humo humo na fyuzi. Nyingine zimejificha pembeni, nyuma ya dashibodi au kwenye ukuta wa injini, na hizo usizitafute usiku.

Kifuniko cha boksi ndicho kitabu chako, na ndicho kitu cha kwanza kupotea. Fundi anakiweka juu ya tairi, gari linaondoka, kwaheri. Mnabaki na safu ya plastiki zisizo na majina, mkichomoa moja moja mkiuliza, "Hii je?" Kama chako kipo, kipige picha leo, uichapishe, uiweke kwenye droo ya gari na nakala nyumbani. Gari likiwa limetoka Japani moja kwa moja, huenda maandishi yake ni ya Kijapani. Mtafute anayejua akuandikie maana yake kando ya kila mstari. Vifupisho vyenyewe si uchawi. HEAD ni taa kubwa, na LH na RH ni kushoto na kulia. TAIL ni taa ndogo za nyuma pamoja na ya namba ya gari. STOP ni taa za breki. CIG ni tundu la kuchajia simu. DOME ni taa ya ndani, lakini mara nyingi hiyo hiyo hulisha saa na kumbukumbu ya redio.

Hapo kwenye DOME nisikilizeni vizuri, maana ndipo akili ilipo kuliko kwenye bisibisi. Fyuzi moja hulisha vitu kadhaa. Saa ikifa na taa ya ndani ikagoma siku hiyo hiyo, usitafute magonjwa mawili. Kabla hujagusa chochote, simama utazame nini kimekufa na nini kinaishi. Taa ndogo zote za nyuma zimezima ila za breki zinawaka? Basi waya wa chini, ule unaorudi kwenye bodi, hauna kesi, nenda kwenye TAIL. Taa kubwa ya kushoto imezima na ya kulia inawaka? Tazama balbu kwanza, kisha fyuzi ya upande huo. Dakika mbili za kutazama zinaokoa siku nzima ya kufungua. Nawajua lakini, mkono wenu hutangulia macho, na hilo nimeshalisamehe.

Sasa chomoa fyuzi yenyewe. Ndani ya boksi mara nyingi kuna kibano kidogo cha plastiki cha kazi hiyo. Kitumie, acha koleo, maana koleo hupasua plastiki na miguu ikabaki ndani. Iinue kwenye mwanga. Katikati ya miguu miwili utaona utepe mwembamba umepinda. Ukiwa mzima, fyuzi ni nzima, ingawa mwenye taa ya kupimia atagusa vile vidoa viwili vya chuma juu yake bila hata kuichomoa: pakiwaka kote kuwili ni salama, pakiwaka upande mmoja imekata. Ukiwa umekatika, usikimbilie kuitupa. Itazame ilivyokufa. Kama utepe umelainika ukaachana taratibu na plastiki imebaki safi, mzigo ulizidi kidogo kwa muda mrefu. Kama ndani pamekuwa peusi, au pametapakaa chembe za kung'aa, hiyo ni shoti: waya uligusa bodi na umeme ukapita kwa kishindo. Fyuzi iliyokufa inaacha wosia. Wengi wenu mnautupa mtaroni.

Rangi nazo zina maana. Kwenye fyuzi za kawaida za miguu bapa, kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe inayopitisha mwanga 25, kijani 30. Ila kwenye zile za boksi dogo zenye kifuniko cha kuonea, ambazo hubeba mizigo mikubwa, waridi ndiyo 30 na kijani ni 40. Kwa hiyo soma namba iliyoandikwa kichwani, rangi iwe msaidizi tu.

Haya, tumefika kwenye upuuzi wenyewe, ule ninaoushuhudia tangu ujana. Fyuzi ya 10 imekata. Kijana anaweka nyingine ya 10, inakata. Anaweka 15, inakata. Anaweka 30, inakaa, na anatabasamu kama aliyeponya gari. Au anakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, na taa zinawaka, na safari inaendelea. Mama akipika wali akiona kifuniko kinarukaruka, anapunguza moto. Haweki jiwe juu yake. Nyinyi mnaweka jiwe.

Tupige hesabu, si ngumu kuliko ya dukani. Balbu ya wati 60 kwenye gari la volti 12 inakula ampea 5. Fyuzi ya 10 inaibeba bila jasho. Kisha unakwenda dukani, unauziwa balbu ya wati 100 kwa kuwa usiku unataka kumwona nyani aliye kilomita ya pili. Hiyo inakula ampea 8 na ushei, na injini ikiwa inachaji inapanda zaidi. Fyuzi haipendi kubeba mzigo unaokaribia mwisho wake saa nzima. Inapata moto, inachoka, inakata. Ukiweka 30 haitakata tena, kweli. Lakini waya wa kiwandani haujaongezeka unene. Sasa unaochoka ni waya, na soketi ya balbu inayeyuka, na gamba la waya linalainika ndani ya dashibodi kusikoonekana, na siku moja unasikia harufu ya plastiki ukidhani ni gari la mbele. Fyuzi ni bei ya chai na andazi. Waya wote wa dashibodi ni bei ya ng'ombe. Na nyuma, kwenye bodi, mmebeba madumu ya petroli.

Najua kwa nini mnafanya hivyo. Ni saa tano usiku, nyanya zinaiva nyuma, mwenye gari anafoka kwenye simu, na hakuna duka hadi mji unaofuata. Mwanadamu akibanwa hushika chochote. Basi nawapa njia ya mnyonge: azima. Chomoa fyuzi ya redio au ya tundu la kuchajia, yenye namba ile ile au iliyo chini yake, kamwe isiwe ya juu, na uiweke panapohitajika. Redio itanyamaza, mtaongea. Ikikata na hiyo, acha. Fyuzi ya pili kukata papo hapo ni jibu tosha, na kuilisha ya tatu ni kutupa pesa kisimani.

Rilei sasa. Ni kile kijisanduku cheusi chenye miguu minne au mitano. Kazi yake ni kuuacha umeme mdogo wa swichi uamrishe umeme mkubwa wa taa au honi, ili swichi yako isiungue. Kwenye rilei za mtindo wa Ulaya miguu huandikwa 85 na 86 kwa upande wa amri, 30 panapoingia umeme mkubwa na 87 unapotokea. Michoro ya Toyota hutumia 1 na 2 kwa amri, 3 na 5 kwa mzigo. Kuijua haraka, weka kidole juu yake na mwenzio abonyeze honi. Ikigonga "tak" chini ya kidole, amri imefika. Lakini "tak" pekee haitoshi, kwani vidomo vya ndani huweza kuwa vimeungua, ikagonga bila kupitisha kitu. Dawa ni kubadilishana na jirani yake mwenye namba ile ile ya kiwandani. Nimesema namba, sikusema sura. Rilei ya lori la volti 24 inafanana na ya volti 12, ukaichukua kwa bei ya rafiki, ukawa umeuziwa mbuzi kwenye gunia: kwenye gari lako haitavuta. Na ya 12 ukiiweka kwenye 24, itaungua.

Nani basi anazikata fyuzi hizi? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Pikapu inanunuliwa, inapelekwa kwa mchomeleaji afunge bomba za turubai na benchi za abiria, anatoboa bodi bila kutazama kilicho chini, na waya wa taa za nyuma unabaki ukisuguana na ukingo wa chuma kila kilomita ya barabara ya vumbi. Miezi inapita, gamba linaisha, mvua ya kwanza inanyesha, TAIL inakata. Mwingine anafunga tela na kuunga taa zake kwa kusokota waya. Mwingine anadondosha sarafu ndogo kwenye tundu la kuchajia, kisha anashangaa CIG haina uhai. Na yupo anayeazima betri ya jirani gizani, anageuza nyekundu kwa nyeusi, na ile fyuzi kubwa ya chaji iliyofungwa karibu na betri inakwenda na cheche. Hiyo haichomolewi kwa vidole. Fungua kwanza waya hasi wa betri.

Na msijisifu kwamba dizeli yenu haina mambo ya umeme. Injini ya 1HZ, silinda sita na lita 4.2, ni mkongwe mvumilivu, lakini kwenye pampu yake ya mafuta kuna kivali cha umeme kinachofungua njia ya dizeli. Umeme wake ukikatika, kinafunga, na injini inazima barabarani. Nimeona watu wakibadili filta, wakitoa upepo, wakiifungua pampu nzima na kuipeleka mjini kwa basi, na kosa lilikuwa fyuzi ambayo hakuna aliyeinama kuitazama.

Kesho asubuhi basi, jua likiwa jema na bila anayekuharakisha, fungua maboksi yote. Taja kila fyuzi kwa kazi yake. Safisha miguu iliyoota kutu ya kijani, maana mnapenda kuosha injini kwa maji ya kasi. Nunua akiba mbili za kila namba, kwa muuzaji unayemwamini, kwani zipo za bei chee ambazo hazikati hata zikizidiwa. Ukimaliza, mwite utingo wako, mfundishe yote tena kutoka mwanzo, na umwache achomoe mwenyewe. Siku gari litakapozima, huenda wewe umelala.