Nani Yuko Mbali?

Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kilomita 7,500 hivi. Ndege isiyotua njiani ingechukua saa kumi hivi. Wengi hubadili ndege Dubai, Doha au Addis Ababa, na safari ikazidi saa kumi na nne. Burton na Speke walitoka pwani yetu Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, miezi ile iligeuka siku. Siku nazo zimegeuka saa.

Basi yafaa tuulize: umbali ukifupika, je, wajibu nao huongezeka? Zamani aliyekuwa ng'ambo hakulaumiwa kwa kukosa mazishi. Barua ilimfikia majani yamekwisha kuota kaburini, naye akalia peke yake. Watu walisema, angefanyaje? Leo simu humfikia dakika ile ile na ndege ipo kesho, kwa hiyo asipokuja twasema hana moyo.

Sioni haki katika hukumu hiyo. Saa kumi ni za ndege, si za mtu. Mtu ana nauli ya kutafuta, ruhusa ya mwajiri, na pengine karatasi za ukaazi ambazo zitamruhusu kutoka zisimruhusu kurudi. Hakuna awezaye kudaiwa asiloliweza, hata kama ndege zaruka kila siku juu ya bati letu hapa Temeke.

Lakini tuugeuze upande wa pili. Tuseme mama amefariki Tandika. Mwili umehifadhiwa siku tano, wasubiriwa wa London. Akifika hupewa kiti cha mbele. Binti wa Mbagala, aliyemwosha mama miezi minane akipanda daladala mbili kila alfajiri, yuko nyuma kwenye masufuria. Na yuko mwana wa tatu, wa Kinondoni. Gari analo. Kutoka kwake hadi Tandika haifiki kilomita 20, ingawa foleni ya jioni yaweza kula saa mbili (hilo nalikubali, sote twaijua). Alifika Krismasi na Pasaka. Huyu haulizwi na mtu, maana "yupo". Kwa kipimo chochote isipokuwa kile cha ramani, ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote watatu. Kuhani na Mlawi katika njia ya Yeriko nao walikuwa hatua chache tu kutoka kwa yule majeruhi.

Sisemi wa London asisubiriwe. Kumwona mzazi kwa mara ya mwisho ni haja ya kweli, na anayemnyima mwenzake haja hiyo kwa sababu ya gharama za turubai na wali ana roho ngumu. Ninalouliza ni jingine. Wengi wa vijana hawa wana nauli ya safari moja tu, na kuipata tena huchukua miaka. Sisi tulio nyumbani ndio tunaowapigia simu, na mara nyingi twaficha ugonjwa, "tusimtie wasiwasi", kisha twatangaza kifo. Hivyo twamchagulia sisi safari yake iwe ipi. Mimi ningependa aambiwe mapema, aje wakati mama angali anaweza kumwuliza amekula nini njiani, hata kama siku ya mazishi kiti kile cha mbele kitakaliwa na binti wa Mbagala.