Kamba ya Pazia na Swali la Israfu

Chini ya cherehani ya fundi yeyote wa mtaani, jioni ikifika, hubaki masalio ya kazi ya siku: vipande vya kitenge, pindo za kanga, ukanda wa satini uliozidi kwenye gauni la harusi. Mengi huishia kujaza mito au kuchomwa pamoja na takataka. Chukua vipande vitatu vya upana wa vidole vinne na urefu wa mita moja hivi, kunja kingo zake ndani ili nyuzi zisichomoke, visuke, kisha shona tanzi kila ncha. Gonga msumari kwenye fremu ya dirisha, zungusha msuko huo kwenye pazia, tundika matanzi yote mawili, na pazia limekusanyika ubavuni. Asiye na vitambaa husuka ukindu uliotiwa rangi, au huchukua kamba ya makumbi. Gharama ni uzi na msumari. Ni jambo dogo, lakini limebeba swali ambalo dini na falsafa zimelihangaikia kwa karne nyingi: je, mwenye kidogo ana haki ya kupamba? Pazia lingeweza kufungwa fundo tu likatulia. Kamba iliyosukwa kwa rangi zinazopatana huongeza kitu ambacho haja haikukidai. Wengi hulitetea pambo la namna hii kwa unafuu wake, kwamba halina gharama na kwa hiyo halina kosa. Utetezi huo naona ni dhaifu, maana unakubali kimyakimya kuwa uzuri ni kosa linalosameheka likiwa dogo. Ninachotetea ni kizito zaidi: kupamba hivi ni sehemu ya kuwatunza watu waliomo ndani ya nyumba, na israfu hupimwa kwa kuangalia pambo linamtumikia nani, kabla ya kuuliza bei yake.

Biblia inataja vifungo vya mapazia katika visa viwili ambavyo vikisomwa pamoja hufundisha mengi. Katika Kutoka 26, maelekezo ya kujenga hema la kukutania yanashuka hadi kwenye tanzi: mapazia 10 ya kitani, matanzi 50 ya rangi ya buluu kila upande na vifungo 50 vya dhahabu vya kuyaunganisha, kisha mapazia 11 ya manyoya ya mbuzi ya kufunika juu, na vifungo vyake 50 vya shaba. Watu walioambiwa hayo walikuwa jangwani, wametoka utumwani, wanalala mahemani. Hakuna aliyewaambia wangoje kwanza wastarehe ndipo wafikirie rangi ya tanzi. Sura ya 35 inaeleza jinsi wanawake wenye ustadi walivyosokota nyuzi kwa mikono yao wakazileta, na sura ya 36 jinsi vitu vilivyozidi mpaka Musa akaamuru watu waache kuleta. Kwangu amri hiyo ina uzito kuliko dhahabu yote iliyotajwa, kwa sababu inaonyesha kuwa uzuri wa mahali patakatifu ulikuwa na kipimo, na kipimo kilipotimia, utoaji ulisimamishwa. Sasa soma sura ya kwanza ya Esta. Mfalme Ahasuero, mwenye majimbo 127, anauonyesha utajiri wake kwa siku 180, kisha anafanya karamu ya siku 7 katika ua wa jumba lake, penye mapazia yaliyofungwa kwa kamba za kitani na za zambarau kwenye pete za fedha. Kazi ya kamba ni ileile ya jangwani. Lakini siku ya saba, moyo ukiwa umechangamshwa na divai, mfalme anaagiza malkia Vashti aletwe ili watu wautazame uzuri wake. Vashti anakataa, na kwa kukataa kwake anavuliwa umalkia. Sioni kwamba kisa hicho kimefuatana na mapazia kwa bahati tu. Ukumbi uliopambwa ili utazamwe humgeuza na aliyemo kuwa kitu cha kutazamwa. Hiyo ni israfu kamili, na ingebaki kuwa israfu hata kama zile pete zingekuwa za bati.

Msomaji Mwislamu ana pingamizi lililo karibu zaidi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha alitundika pazia lenye picha, na Mtume (S.A.W.) aliporudi kutoka safarini alichukizwa nalo akaliondoa. Katika mapokezi mojawapo ya Muslim inatajwa pia kwamba Mwenyezi Mungu hakuwaagiza watu kuvisha nguo mawe na udongo. Pingamizi hili si la kupitwa juujuu. Ila lisomwe lote. Kilichokemewa ni picha za viumbe, pamoja na kuuvisha ukuta usio na haja ya vazi. Na hata kuhusu hilo la pili, Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya 13 ambaye vitabu vyake vimesomeshwa sana katika pwani yetu, aliona kuwa maneno hayo hayatoshi kuharamisha. Tena kisa hakikuishia kwenye kuondolewa kwa pazia. Aisha alikikata kile kitambaa akakifanya mito, nayo ikabaki kutumika nyumbani. Nguo haikutupwa, wala mkono wa mwenye nyumba haukuzuiwa kuipa kazi mpya. Qurani nayo, katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, inaweka mambo mawili bega kwa bega: inakataza israfu, na papo hapo inauliza kwa ukali ni nani aliyeyaharamisha mapambo ambayo Mungu amewatolea waja wake. Anayeshika onyo peke yake ameacha nusu ya mafundisho.

Isitoshe, pazia la mlango au dirisha haliuvishi ukuta. Linaleta stara. Katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi ukipita katikati na kila chumba kikiwa na familia yake, mlango huachwa wazi mchana ili upepo upite, na kitambaa hicho ndicho pekee kinachosimama kati ya kitanda na macho ya wapita njia. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto huomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Basi upo wakati wa kufunga na upo wakati wa kufungua, na kamba ndiyo inayotekeleza uamuzi huo. Ikifungwa, mwanga unaingia, mgeni anajua amekaribishwa, na kitambaa hakipeperuki kuelekea jiko la mkaa au koroboi. Ikifunguliwa, nyumba imejifunika. Aliyechagua rangi ya kamba hiyo amekwisha kuitazama nyumba yake kwa makini: anajua jua linaingia saa ngapi, maua ya pazia ni ya rangi gani, mtoto anafikia wapi akinyoosha mkono. Uzuri wake umetokana na uangalizi huo, na ndiyo maana ni vigumu kuutenga na kazi ya kamba.

Pingamizi zito zaidi la kifalsafa limetoka kwa Peter Singer. Katika makala yake ya 1972, akiwafikiria wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, alidai kwamba tukiweza kuzuia baya kubwa bila kutoa kafara jambo lenye uzito wa kimaadili, basi ni wajibu wetu kulizuia; na fedha zinazokwenda kwenye mapambo, wakati wengine wanakufa njaa, hazina utetezi. Nakubali kwamba hoja hiyo inambana anayenunua vishikio vya shaba nyeupe vya kuagiza. Lakini kipande kilichookotwa chini ya cherehani hakiwezi kugeuzwa kuwa unga wa mtu mwingine. Hata pale ambapo fedha kidogo inahusika, tusiharakishe kusema kwamba haja za maskini ni chakula na paa tu. Adam Smith, ambaye hakuwa mtu wa kutetea anasa, aliandika mwaka 1776 kwamba katika mahitaji ya lazima yamo pia yale ambayo desturi ya nchi imeyafanya kuwa aibu kuyakosa, hata kwa watu wa chini kabisa, akataja shati la kitani na viatu vya ngozi. Mtu anahitaji kumpokea jirani bila kuinamisha uso. Anayemwambia mwenye chumba kimoja asubiri utajiri ndipo apambe, anamwambia aishi miaka yake yote kama mtu anayengoja kuhamia kwake.

Linabaki suala la muda, na hapa sina jibu jepesi. Kitambaa ni cha bure, saa si za bure, na katika nyumba zetu nyingi saa hizo hutoka kwa wanawake na wasichana. Kamba ikisukwa na binti aliyenyimwa nafasi ya kufanya hesabu zake za shule, ilhali kaka yake amekaa barazani, basi pambo hilo linawatumikia wengine kwa kumla aliyelitengeneza, na kwa kipimo kilekile nilichokitumia juu ya Ahasuero nalo ni israfu, hata kama halikugharimu senti. Hilo halinifanyi niache kulitetea pambo. Linanifanya niulize kazi imegawanywaje, kwa kuwa udhuru kwamba mikono ya kiume haikuzaliwa na ufundi huu hauna msingi. Wanaume wa pwani wamesuka madema na kushona nyavu tangu zamani, na vidole vinavyoweza kuliziba jarife lililochanika vinaweza kusuka vipande vitatu vya kitenge.