Daktari Aliyejitolea Ushahidi



Ndugu zangu katika imani, katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Allah Ta'ala anatuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi wa kweli hata dhidi ya nafsi zetu. Aya hii tunaipenda sana anaposhitakiwa mwingine.

Nitawapa kisa cha mtu asiyekuwa Muislamu. Alexander Gordon alikuwa daktari mjini Aberdeen, Scotland. Kuanzia mwisho wa 1789 hadi 1792, wanawake wengi pale walijifungua salama, kisha baada ya siku chache wakashikwa na homa na maumivu makali ya tumbo. Ndiyo homa ya uzazi. Waganga wa zama zile walisema ni hewa chafu. Wengine walisema ni maziwa yaliyokosa njia. Gordon hakutosheka. Aliandika habari za kila mgonjwa, pamoja na nani aliyemzalisha. Wagonjwa 77, waliokufa 28. Orodha ikamwonyesha kuwa maradhi hayakufuata upepo, yalifuata wazalishaji. Akisikia tu ni mkunga gani ameitwa, aliweza kutabiri mama yupi ataugua.

Na yeye mwenyewe alikuwemo. Mwaka 1795 alichapisha kitabu, akakiri waziwazi kwamba yeye pia aliwapelekea wanawake wengi maradhi yale. Akashauri nguo zichomwe au zifukizwe, na wazalishaji wajioshe vizuri.

Hakupatia yote. Tiba yake ilikuwa kumtoa mgonjwa damu nyingi kwa kupasua mshipa, wala si hijama mnayoijua. Tena aliwataja wakunga kwa majina, jambo ambalo mimi naliona zito. Mji ukamgeuka. Akarudi jeshi la majini alikokuwa zamani, akafa 1799. Semmelweis alipowaamuru madaktari wa Vienna wanawe mikono ilikuwa 1847, na katikati hapo akina mama waliendelea kufa kwa homa ile ile.

Wenzangu wa udaktari, uuguzi na famasia, mimi niliwahi kukosea dozi wodini nikanyamaza. Muuguzi wa zamu ndiye aliyegundua, na mgonjwa akapona, alhamdulillah. Lakini saa zile nilizonyamaza zilikuwa zake, si zangu. Ukikosea usiku na hakuna aliyeona, Allah ameona, na mgonjwa bado yuko hai. Mwamshe daktari wa zamu. Andika kwenye faili kwa mkono wako, kabla hujaenda kuswali Alfajiri.

Wabillahi tawfiiq.