Kiti na Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huisikia methali hii kama kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naisikia kama kumkaribisha. Nyumbani kwa watu, anayekaa bila kazi ni yule ambaye bado hajapokewa sawasawa: anawekewa kiti, anachinjiwa kuku, anaulizwa habari za kwao, kisha wenye nyumba wanarudi kwenye shughuli zao. Siku anapoambiwa "hebu shika hapa", ndipo anapoanza kuwa mtu wa pale.

Nawaza haya kwa ajili ya wamisionari wazee, mume na mke, ambao makanisa mbalimbali huwatuma ng'ambo baada ya kustaafu, na kwa ajili ya Jumapili zao zisizo na mapumziko. Nenda kigango cha Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, msimu wa mavuno. Misa ikiisha na matangazo yakaisha, mazao ya sadaka hutolewa nje kunadiwa: debe la maharage, ulezi kwenye ungo, jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba. Watu wanapandishiana bei kwa vicheko, na jogoo aliyekwisha kununuliwa anarudishwa anadiwe tena. Wazee wetu wako wapi saa hiyo? Kama bado ni wageni, wako mbele, kwenye viti vilivyotandikwa vitambaa. Kama wamekuwa wenyeji, mama yuko jikoni na wenzake machozi yakimtoka kwa moshi, na mzee anaandika kwenye daftari nani kalipa na nani atalipa Jumamosi. Kisha kuna mgonjwa wa kwenda kumwona, na wanakwaya wawili wasiosemeshana. Jioni wamechoka hoi. Uchovu huo nauona kuwa heshima, kwa sababu hakuna anayemchosha mgeni.

Wafipa wana sababu zao za kukiangalia kiti kwa makini. Masimulizi yao ya kale yanasema mtawala wa Milansi alikuwa mawindoni walipofika wanawake wa ukoo wa Kitwaci kutoka mbali, na mkewe akawaachia kiti cha mumewe. Aliporudi, nchi ilikuwa na watawala wapya. Yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya mwenyeji wa kwanza. Taifa zima limeweka katika simulizi lake la asili swali hili: ukimkalisha mgeni, unampa nini hasa?

Mwanafalsafa Immanuel Kant naye aliligusa swali hili mwaka 1795. Kwake, mgeni ana haki ya kufika nchi ya watu bila kutendewa kama adui, lakini haki ya kukaa inahitaji mapatano. Alikuwa akiwafikiria pia Wazungu waliofika ng'ambo kama wageni wakageuka wenye nchi. Naona jembe la methali ndilo mapatano yenyewe: unakaa kwa kushiriki jasho la waliokukuta, kwa masharti yao.

Tukubali kwamba historia ya umisionari upande huu haikuanza hivyo. Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu 1879, na mwaka 1885 ikaingia mikononi mwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Jimbo lililokua kutoka hapo ndilo lililoitwa Sumbawanga mwaka 1969. Kabla utawala wa Wajerumani haujakita mizizi, mapadre wa Karema walikuwa pia watawala wa vijiji vyao. Huyo ni mgeni aliyeketi kwenye kiti na kumpa mwenyeji jembe. Mema waliyoyafanya, na ni mengi, hayalifuti hilo.

Ndiyo maana mmisionari ninayemfikiria zaidi ni Adrian Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, Mali ya leo, akatekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na mapadre haohao, akasomeshwa utabibu Malta. Alifika Karema mwaka 1889, tabibu na katekista, Mwafrika aliyekuwa mgeni kabisa Afrika. Alitibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Kwa kipimo cha jembe, alikuwa mwenyeji zamani sana.

Hata hivyo jembe peke yake halitoshi, na hapa methali inaniacha njiani. Mtumishi anaweza kuhitajiwa maisha yake yote bila kuwa wa mahali hapo. Mashine ya kusaga nayo inahitajiwa. Mtu wa nyumbani hujulikana siku asiyofaa kitu, akalishwa na kuuguzwa bila hesabu. Wazee wengi wa kimisionari hawakubali kufika hapo. Wako tayari kutoa hadi wazimie, lakini jirani akileta uji wanajibu kwamba wana kila kitu. Anayetoa tu hubaki juu ya anaowapa, hata akichoka namna gani.

Atiman hakuwa na nafasi ya kubaki juu, kwa sababu alimwoa Agnes Wansahira, binti wa chifu wa Wabende. Agnes hakuvuka jangwa wala bahari, alikuwa kwao. Kwa kuolewa alimpa mumewe wakwe na mashemeji, watu wenye haki ya kumdai na wajibu wa kumtunza, na watoto wenye wajomba palepale. Mmoja wa watoto hao, Joseph, alipadrishwa mwaka 1923. Sifa zimeandikwa kwa jina la Adrian, na anazistahili. Lakini kazi ya kuumaliza ugeni wake, kazi ambayo Malta haikuifundisha, sehemu yake kubwa naiandika kwa jina la Agnes.